Kabla hujakopa chamani kulipia cheti cha hifadhidata

Mwezi uliopita simu yangu ililia saa nne za usiku. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, ambaye kwetu Gongoni hatumwiti binamu. Ni dada yangu, basi. Amemaliza diploma ya teknolojia ya habari, ana mwaka mzima nyumbani, na kwa sasa anamsaidia shangazi yetu kuuza mahamri karibu na steji ya matatu za Malindi.

"Kaka, chama cha kina mama kimekubali kunikopesha elfu thelathini na mbili. Nataka nilipie mtihani wa Oracle. Nilipe ama nisilipe?"

Nilimwambia anipe siku mbili. Zikawa wiki mbili, kwa sababu swali lenyewe si jepesi. Elfu thelathini na mbili hapa kwetu ni hela nyingi. Ni karo, ni mabati, ni mbuzi kadhaa. Na chama hakina huruma. Siku ya marejesho ikifika na huna kitu, anayesimama mbele ya wenzake kujieleza ni mama aliyekudhamini, si wewe uliyejifungia chumbani na kompyuta.

Halafu kuna hili: mimi mwenyewe niliwahi kukopa hela kama hizo, kutoka chama kama hicho, kwa ajili ya mtihani wa aina hiyohiyo. Nikapita. Na kupita kwenyewe nusura kunifungie njia.

Lori, mizani na majina

Nianze na kazi yenyewe, maana hata nyumbani ilichukua miaka kabla hawajaelewa nasomea nini. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta, na wao wakaniletea redio.

Anayeijua Gongoni anaijua chumvi. Ukitoka Malindi, ukavuka daraja la Sabaki na kushika barabara ya Garsen, kama kilomita thelathini hivi unaanza kuyaona mabwawa ya maji ya bahari yanayokaushwa na jua, na marundo meupe kwa mbali. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa huko, kibarua cha ukarani wa mizani. Lori linaingia tupu, linapimwa. Linatoka limejaa, linapimwa tena. Tofauti ndiyo chumvi iliyouzwa. Nilikuwa naandika nambari ya gari, jina la dereva, mteja, saa, uzito wa kuingia na uzito wa kutoka. Daftari likijaa linafungwa kamba na kupelekwa stoo.

Siku moja mkubwa wangu akauliza swali la kawaida tu: mteja fulani amechukua tani ngapi tangu Januari? Ilinichukua siku tatu kumjibu, na jibu lenyewe sikuliamini. Mteja huyo mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna tatu, kutegemea nani alikuwa zamu. Karani mmoja alifupisha jina, mwingine akaliandika lote, wa tatu alikuwa akiandika jina la dereva mahali pa mteja.

Hapo ndipo nilipokielewa kile mwalimu alichokuwa akituambia darasani tukisinzia. Hifadhidata ni daftari la mizani ambalo unaweza kuliuliza swali na likakujibu kabla chai haijapoa. Ila litajibu sawasawa ikiwa tu aliyelipanga aliziba mianya mapema: mteja ana nambari yake moja, ameandikwa mara moja mahali pamoja, na kila lori linaelekezwa kwenye nambari hiyo. Wazo hili la kupanga data katika majedwali yanayohusiana lilichapishwa Juni 1970 na Edgar Codd, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM. Lugha ya SQL, ambayo hadi leo ndiyo tunayotumia kuyauliza majedwali hayo maswali, ilizaliwa hukohuko IBM miaka michache baadaye.

Mwaka huohuo wa 1970, tarehe 12 Desemba, hapa jirani Ngomeni, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano lililosimama baharini. NASA waliiita Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kusaka eksirei kutoka angani, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Roketi ilipaa kwetu, orodha ikaandaliwa Marekani. Huwa nawakumbusha vijana wanaponiambia kwamba mambo ya data ni ya watu wa Nairobi.

Kisha kuna majina yetu. Kwa Wagiriama, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kwa hivyo Karisa Kazungu anamzaa Kazungu Karisa, naye Kazungu Karisa anamzaa Karisa Kazungu mwingine. Wote watatu wanaishi boma moja na kutibiwa zahanati moja. Panga hifadhidata kwa kutegemea majina uone kama babu hatapewa dawa za mjukuu. Kule Kilifi mjini, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wamekuwa tangu mwaka wa 2000 wakiwafuatilia wakazi wa eneo la kilomita mraba 891, nyumba kwa nyumba, watu zaidi ya 200,000. Mkazi wa eneo hilo akilazwa katika hospitali ya kaunti, hutafutwa kwenye daftari hilo ijulikane ni yupi hasa. Hebu fikiria ni Kazungu wangapi wamo mle.

Hakuna mtihani wa Oracle wala wa Microsoft utakaokuuliza kuhusu Kazungu Karisa. Hilo ni lako wewe mtoto wa hapa, na ukiitwa kwenye usahili usilifiche.

Cheti kinamfaa nani

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaoyapinga: cheti cha kitaaluma ni cha mtu asiyejulikana. Mwenye mjomba Upper Hill hakihitaji sana, mjomba atamsemea. Aliyesoma chuo chenye jina kubwa, chuo kitamsemea. Sisi wa huku tunatuma barua kwa mtu asiyejua Gongoni iko upande gani wa Malindi, na mara nyingi huyo anayezichambua barua si mtaalamu wa hifadhidata hata kidogo. Ana orodha ya maneno ya kutafuta. OCP ni neno moja. DP-300 ni jingine. Barua yako ikiwa na neno, inaingia rundo la kushoto. Ikiwa haina, hata kama unaweza kuifufua hifadhidata iliyokufa jana, hakuna atakayejua.

Mwajiri naye ana sababu ya kuogopa. Msimamizi wa hifadhidata ndiye anayeshika funguo za stoo. Anaona mishahara, anaona madeni, anaona nani ana ugonjwa gani. Wakenya tulilijua hilo vizuri mwaka wa 2017, wakati "fungua seva" ilipokuwa kauli ya kila kijiwe, na Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kampuni inayovuja data za watu ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, na faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato yake ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ukiwa bosi, ungempa funguo hizo kijana usiyemjua, asiye na lolote mkononi la kuonyesha amepimwa na mtu mwingine?

Kwa hivyo silidharau karatasi. Wanaosema "vyeti ni biashara tu" mara nyingi wameshapata kazi.

Lakini ni biashara kweli, na bei yake uijue. Mtihani mmoja wa Oracle kwa bei ya Marekani ni dola 245, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni kama 31,600. Na ili uwe OCP wa toleo la 2019 unahitaji mitihani miwili, 1Z0-082 na 1Z0-083, yaani uzidishe mara mbili. Mtihani wa DP-300 wa Microsoft, wa kusimamia hifadhidata za SQL za kwenye wingu, ni dola 165 huko Marekani. Ule wa msingi wa DP-900 ni dola 99. Bei za Microsoft hubadilika kulingana na nchi, kwa hivyo angalia ya Kenya kabla hujapiga hesabu. Ongeza nauli ya kwenda Mombasa kama utafanyia kituoni, ulale, ule.

Unaweza pia kufanyia nyumbani, mtandaoni. Masharti yake yanachekesha ukiishi boma lenye watu. Chumba kiwe kitupu, meza iwe wazi, kamera inakutazama muda wote, mtu yeyote asiingie, na wewe mwenyewe usisome maswali kwa sauti. Waambie hayo watoto wa jirani. Waambie na jogoo.

Tena karatasi huchakaa. Microsoft walikuwa na vyeti vilivyoheshimiwa sana vya MCSA na MCSE. Januari 2021 wakavifunga, vikabadilishwa na vya mfumo mpya. DP-300 ya sasa inadumu mwaka mmoja, ingawa kuihuisha ni bure kupitia mtihani mfupi mtandaoni. Vyeti vya Oracle vimefungwa na toleo la programu, na matoleo hayasubiri mtu.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi kabla ya kulipa: huko unakotaka kuingia, wanatumia hifadhidata gani? Maana si moja. IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali unaotumiwa pia na kaunti, umejengwa juu ya Oracle, na mabenki mengi yako hukohuko. KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa katika kliniki nyingi za HIV, inatumia MySQL. Mfumo wa takwimu za afya ambao Wizara ya Afya iliuanzisha kote nchini mwaka wa 2011, ule wa DHIS2 ambao zahanati hupelekea ripoti zao za kila mwezi, unakaa juu ya PostgreSQL, ambayo ni ya bure na haina kampuni moja inayoimiliki. Kijana anayetaka kazi ya hospitali akilipia OCP ni kama aliyejifunza kuendesha lori ili apate kazi ya boda. Hakuna ubaya, ila kuna njia fupi.

Kwa anayelenga ofisi za hapa nchini, Kasneb nao wana diploma ya usimamizi na uchambuzi wa data, DDMA. Hii si mtihani wa asubuhi moja; unaisoma kwa muda na kulipia kidogokidogo. Inastahili kuangaliwa kabla ya kukimbilia dola.

Nilivyopita nikaanguka

Sasa ya kwangu.

Nilikuwa na miaka 24. Mama alichukua mkopo chamani kwa jina lake, nikalipia mtihani wa SQL wa Oracle. Nilikuwa na mwezi mmoja wa kujiandaa, na sikuutumia kujifunza. Rafiki alinitumia kwenye simu faili ya maswali yaliyoibwa kwenye mitihani ya nyuma, yale ambayo vijana huyaita dampu, pamoja na majibu yake. Nikayakariri kama nilivyokuwa nikikariri mistari ya historia shule ya msingi. Nilijua jibu la swali la kumi na saba ni C na D. Kwa nini ni C na D, sikujali.

Nilipita. Tulichinja kuku. Sikujua wakati huo kwamba kampuni hizi zikigundua umetumia dampu zinaweza kukunyang'anya cheti na kukufungia milango ya mitihani yao. Mimi sikugunduliwa. Nilipatikana kwa njia nyingine.

Miezi mitatu baadaye niliitwa usahili Nairobi. Karatasi ilikuwa imefanya kazi yake. Jina langu liliingia rundo la kushoto. Nikapanda basi la usiku Malindi, nikavaa shati la kuazima kwenye choo cha steji. Ndani walikuwa watatu. Hawakuuliza swali la kuchagua hata moja. Walinipa kompyuta na karatasi yenye mistari minne: hifadhidata hii haiwaki, faili moja imeharibika. Nakala ya akiba ya jana usiku iko hapa. Kumbukumbu za mabadiliko ya leo ziko pale. Irudishe ilivyokuwa saa nne na robo asubuhi.

Nilikaa mbele ya ile kompyuta dakika arobaini. Nilijaribu amri mbili tatu nilizozikumbuka, zikagoma. Mikono ilikuwa inatoa jasho hadi kibodi ikateleza. Mwishowe mama mmoja kwenye jopo, mtu wa makamo, aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, umewahi kuirudisha hifadhidata hata mara moja? Hata ya kuchezea nyumbani?"

Nikasema la.

"Basi rudi ukafanye hivyo, halafu utuandikie tena."

Angenigombeza ningemsahau. Basi la kurudi liliharibika njiani, tukaingia Malindi jua limewaka. Mkopo ulikuwa bado una miezi minne. Mama aliulipa kwa kusuka na kuuza makuti, na hakuniuliza kitu. Nilikuwa nikirudi jioni kutoka kwenye mizani namkuta bado amekaa chini ya mwembe, vidole vimepasuka.

Baadaye nilisoma mkasa wa GitLab na angalau nikajua sikuwa peke yangu, ingawa wao walikuwa wataalamu kweli. Usiku wa Januari 31, 2017, fundi wao aliyechoka alifuta data kwenye seva isiyokuwa yenyewe. Gigabaiti kama 300 zikatoweka kabla hajawahi kusimamisha amri. Walikuwa na njia tano za kuweka akiba. Walipozigeukia, wakakuta hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa bahati saa sita kabla. Walikiri yote hadharani, jambo ambalo nawaheshimu kwalo. Kila mmoja wao alijua akiba ni muhimu. Hakuna aliyekuwa ameijaribu kuirudisha.

Nilianza upya kwa kompyuta ya mezani ya mitumba. Oracle hutoa toleo la bure la hifadhidata yao, lenye mipaka ya gigabaiti 12 za data na gigabaiti 2 za kumbukumbu. Kwa mtu wa Gongoni hiyo ni bahari. Bando la kuipakua lilinigharimu kuliko nilivyopenda. Nikaomba ruhusa kazini, nikapewa daftari moja kuukuu la mizani, na kila usiku nikawa naingiza lori ishirini, thelathini. Niliwapa wateja nambari. Niliwatenganisha madereva na wateja. Nilikuta lori lililotoka kabla halijaingia.

Na kila Jumamosi nilikuwa naiharibu. Nilifuta faili, nilibadilisha majina yake, nilizima kompyuta kwa kuchomoa waya. Kisha naanza kuirudisha. Mara ya kwanza ilinichukua hadi Jumanne. Stima nayo ilinifunza bila kuombwa. Ikikatika katikati ya kuingiza lori, nikiwasha tena nakuta ama lori liko lote, ama halipo kabisa. Kamwe si nusu. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni na kulikariri kwenye dampu, ila siku nilipoliona kwa macho, gizani, na tochi ya simu mdomoni, ndipo nilipocheka peke yangu. Hifadhidata huandika kwanza kwenye kumbukumbu zake inachotaka kufanya, kisha ndipo inafanya. Ikiamka, inasoma kumbukumbu: kilichokamilika inakitimiza, ambacho hakikukamilika inakifuta. Na hilo ndilo jibu la yale mabwana wa Nairobi. Unarejesha nakala ya jana usiku, kisha unaisomea kumbukumbu za leo hadi saa nne na robo, unasimama hapo.

Mtihani wa pili, ule wa usimamizi, niliulipia mwenyewe kwa hela za mizani baada ya mwaka mmoja na zaidi. Nilifanyia Mombasa. Niliupata kwa alama za chini kuliko ule wa kwanza, na ndio pekee ninaouandika kwenye barua zangu. Jopo la Nairobi sikuliandikia tena, aibu. Lakini taasisi nyingine iliniita, ikanipa kompyuta, na safari hii niliomba maji ya kunywa kwanza, nikaanza.

Tuliyokubaliana

Basi baada ya wiki mbili nilimpigia dada yangu. Swali langu la kwanza halikuwa la hela. "Unataka kufanya kazi wapi?"

"Hospitali. Ile ya Malindi, ama zahanati yoyote kubwa. Nataka kukaa karibu na Mama."

"Na huo mtihani wa Oracle ni upi?"

Kimya. Alikuwa hajui kama ni mingi. Nikamweleza kwamba MySQL, ambayo ndiyo iko kwenye kliniki anazozitaka, ilianzia Uswidi na tangu 2010 ni mali ya Oracle haohao, na ina mtihani wake mbali, 1Z0-908. Kama angelipia ule aliokuwa ameuona kwenye tangazo, angerudi na karatasi nzuri ya mlango wa benki. Nikamwambia pia kwamba dampu zipo hata za huo, na kwamba watu watamtumia bila yeye kuomba.

"Kwa hivyo nisikope?"

Nilimwambia asikope sasa. MySQL ni bure, haihitaji kompyuta kubwa. Nikampa lile daftari langu kuukuu, maana nililihifadhi, na picha za kurasa zake kwenye simu. Aingize lori zote. Kisha aziharibu, azirudishe, aziharibu tena, hadi aweze kuifanya kazi hiyo huku akizungumza na shangazi. Akifika hapo na bado anautaka mtihani, nitalipa nusu na yeye atafute nusu, na chama kisisikie habari zetu. Hakufurahi. Aliniambia kwamba wenzake wawili wa chuoni tayari wameweka vyeti vyao kwenye mtandao wa LinkedIn, na yeye anauza mahamri. Sikuwa na jibu la hilo. Bado sina.

Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi. Jumamosi iliyopita, saa saba na dakika kumi usiku, simu iliingia ujumbe.

"Nimefuta zote."

Nikakaa kitandani. Nikaandika: "Akiba unayo?"

"Ninayo. Sina uhakika kama inafanya kazi."

"Jua sasa."

Sikulala. Saa tisa kasorobo ikaita tena.

"Lori zote 412 zimerudi. Ila moja haina uzito wa kutoka. Nimeipoteza mimi?"

Nilifungua picha kwenye simu yangu, nikatafuta ukurasa. Hati ilikuwa yangu, ya miaka ile, wino umefifia. Mahali pa uzito wa kutoka palikuwa patupu.

Nikamwandikia: "Hapana. Hiyo niliisahau mimi."